Balbu ya Ngazini

Kijiko kiligonga kikombe, ting, kikanyamaza. Bibi alifumbua macho gizani akatega sikio. Baada ya muda kikagonga tena, na kati ya mlio na mlio ilisikika sauti ya kunong'ona, ikipanda na kushuka kama ya mtu anayegombana na mlango.

Alijua ni mjukuu wake. Msichana huyo aliitwa Spika tangu hajamaliza kuota meno, kwa sababu alikuwa hanyamazi, na jina lilikuwa limempeleka mbali: sasa ndiye mzungumzaji wa kwanza katika klabu ya mdahalo shuleni kwao. Kijiko kilikuwa mtunza muda wake. Dakika ya kwanza ikiisha, ting, na kuanzia hapo mpinzani anaruhusiwa kusimama kuuliza. Dakika ya mwisho ikiingia, ting nyingine, na hapo hakuna ruhusa ya kumkatiza mtu.

Bibi alijitanda shuka akaenda jikoni.

"Unahutubia nani alfajiri yote hii?"

"Umoja wa Mataifa, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Waambie wakimaliza waoshe na vyombo vya jana."

Spika alicheka, akavuta kiti kwa mguu ili Bibi akae. Alikuwa amekwisha kuchemsha maji, na kikombe cha Bibi kilikuwa kimefunikwa na kisahani ili chai isipoe. Vitu vidogo kama hivyo Bibi alikuwa haviachi vipite bila kuviona.

Mada ya mashindano ilikuwa kwamba nchi ndogo zisiweke matumaini yao katika mikataba, na Spika alipangiwa kuitetea.

"Na wewe mwenyewe unaamini hivyo?" Bibi aliuliza.

"Hatuulizwi tunaamini nini. Upande tunapangiwa. Babu anasema ukishindwa kumtetea usiyemwamini, basi hujamwelewa."

Babu huyo alikuwa kaka mkubwa wa Bibi. Alifundisha uhusiano wa kimataifa chuoni mpaka alipostaafu, na tangu alipofiwa na mkewe alikaa peke yake kwenye ghorofa ya tatu, nyumba ya zamani yenye ngazi nyembamba ya saruji. Watoto wake walikuwa nje ya nchi. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wakubwa serikalini, nao hawakuwa na nafasi. Waliopanda ngazi ile kwa ajili yake walikuwa wawili tu, Bibi na Spika, kila Jumamosi, na Bibi alikuwa ameona jinsi kaka yake anavyonyoa ndevu siku hiyo hata kama wiki nzima hakugusa wembe.

Masomo yenyewe yalifanyika ngazini. Mara ya kwanza Spika alikwenda na daftari akisema nadharia zinamchanganya, zote zina majina marefu yanayofanana. Babu akamwambia funga hilo daftari, njoo huku nje. Akamkalisha kwenye kipandio cha juu kabisa, Bibi akakalia mto kipandio cha chini yake, na yeye akasimama ameshika nguzo.

"Ngazi hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya wapangaji wote."

"Maana yake si ya mtu. Mwenye nyumba yuko mbali, mlinzi hatuna. Kila mtu ni mfalme ndani ya mlango wake, lakini huku nje hakuna mkubwa. Dunia ya nchi na nchi ndiyo hii unayoikalia. Sasa tazama juu."

Walitazama. Kulikuwa na soketi ya taa imening'inia, tupu.

"Nimenunua balbu, imetoweka. Nimenunua nyingine, imetoweka. Wenye nadharia ya uhalisia watakwambia: acha kuamini watu. Weka taa mlangoni kwako, ifungie kwenye wavu wa chuma. Lakini jirani akiona wavu anajiuliza, kumbe huyu ananihesabu mwizi? Naye anaweka komeo la pili. Mimi nikiona komeo lake nafuga mbwa. Hakuna aliyetaka ugomvi, na wote tumekwisha kujifungia."

"Na waliberali?"

"Hao watasema tukae kikao, tuandike zamu za kununua balbu. Watasema pia kwamba hakuna anayependa kukorofishana na fundi cherehani wa pale chini wakati nguo yake ya harusi ipo kwenye mashine. Watu wakihitajiana, wanavumiliana."

"Halafu kuna ile ya tatu, Babu. Ile ya ujenzi wa kijamii. Hiyo ndiyo sielewi kabisa."

Babu alitabasamu kama mtu aliyefika kwenye chakula anachokipenda.

"Bibi yako akiwa jikoni ana kisu mkononi, unaogopa?"

"Inategemea nimefanya nini," Spika akasema, na Bibi akamfinya mguu.

"Kisu hichohicho, mtu usiyemjua, kwenye ngazi yenye giza. Chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni hadithi uliyonayo kichwani juu ya aliyekishika. Hadithi hiyo hatukuzaliwa nayo. Tumeijenga sisi wenyewe, kwa kusemasema, na tukiirudia sana inakuwa ngumu kama hii saruji."

Fundi cherehani waliyemtaja alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeweka mashine yake chini ya ngazi, pale pa kuingilia. Kila Jumamosi alisimamisha mguu uliokuwa ukikanyaga mashine ili apitishe salamu vizuri. Siku moja aliona kifungo cha koti la Bibi kimelegea, akaliomba, akakikaza kwa uzi wa rangi ileile, kisha akakataa hata kushukuriwa. Mikoba ya Babu kutoka sokoni yeye ndiye aliyeipandisha. Hata hivyo, wapangaji walikuwa wameanza kumnong'ona. Ndiye anayekaa ngazini mchana kutwa. Ndiye anayehitaji mwanga wa kushonea. Balbu zitakwenda wapi? Bibi alikuwa hajasema neno, lakini aligundua kwamba siku hizi akipita pale anahamishia pochi yake kwapa la pili.

Jumamosi ile ya kijiko, Spika alikwenda na wenzake wawili wa klabu. Mmoja walimwita Twiga kwa urefu wake, na shangazi yake alikuwa mpangaji wa ghorofa ya pili palepale. Wa pili alikuwa msichana mkimya aliyepewa kazi ya kutunza muda. Babu alikuwa amevaa tai. Alikuwa amesogeza meza ya kulia chakula ukutani ili papatikane ukumbi, na kwenye kila kiti ameweka karatasi safi na penseli iliyochongwa.

Kabla hawajaanza aliwakumbusha namna ya kumzuia anayetaka kuuliza. Mwulizaji husimama, mkono mmoja juu ya kichwa, mwingine ameunyosha mbele, ndivyo alivyofundishwa yeye zamani. Mzungumzaji asiyetaka swali humshushia kiganja.

"Usimwambie nyamaza," Babu alisema. "Kiganja kinatosha. Naye akiona kiganja lazima akae, hata awe waziri. Ndiyo heshima ya mchezo."

Spika akasimama akaanza. Na alianza vizuri. Bibi hakuelewa kila neno lakini alielewa mgongo wa mjukuu wake ulivyonyooka, na sauti isiyotetemeka. Penseli ikagonga meza: dakika ya kwanza imekwisha.

"Waheshimiwa, hamna haja ya kwenda mbali," Spika akasema. "Nyumba hii ina ngazi isiyo na mwenyewe. Wapangaji wamekubaliana kuwa na taa. Na kila siku taa inaibwa. Na mnajua anayeiba? Anayewasalimia vizuri kuliko wote. Anayewabebea mizigo. Mkataba wenu mmeuweka mikononi mwa mtu anayehitaji mwanga wenu."

Twiga aligonga meza kwa furaha. Na hapo Babu akasimama.

Alisimama taratibu, ameshika ukingo wa meza, kisha akauachia ili aweke mkono kichwani kama alivyofundisha. Mkono mwingine akaunyosha mbele. Spika, bila hata kumtazama, alishusha kiganja.

Babu akakaa.

Spika aliendelea. Alimtaja fundi tena, safari hii kwa mzaha, namna anavyopima kiuno cha mteja huku anapima na balbu kwa macho. Wasichana walicheka. Babu akasimama mara ya pili, mkono kichwani, midomo imefunguka kidogo. Kiganja kikashuka tena, kwa madaha zaidi, kwa sababu sasa kilikuwa kimepata watazamaji. Twiga akanong'ona, "Mwalimu kapigwa kwa rungu lake," na Bibi, Mungu amsamehe, alitabasamu. Alikuwa na fahari. Aliona mtoto aliyemlea ametulia mbele ya profesa, na fahari ile ikamziba asiuone uso wa kaka yake.

Hotuba ilipokwisha walipiga makofi. Spika akageuka, jasho puani.

"Babu, ulitaka kuuliza nini?"

Babu alikuwa anakusanya penseli moja moja.

"Imepita," akasema. "Umezuia vizuri. Hivyohivyo."

Wakati wa kushuka, fundi aliwaagiza wasalimie nyumbani. Twiga alikohoa kuficha kicheko. Fundi akadhani ana mafua, akamwambia anywe maji ya moto.

Spika alishinda. Ukumbi wa mashindano ulijaa, na mfano wa ngazi ndio uliowainua watu kwenye viti. Bibi alikuwa ameweka mkoba kwenye kiti cha jirani kumshikia kaka yake nafasi, mpaka watu wakaanza kutoka, na mkoba bado ulikuwa peke yake pale.

Jumamosi iliyofuata Spika alikuwa na sherehe ya klabu. Iliyofuata hiyo, mazoezi ya mkoa. "Mwambie Babu nitakuja," alisema huku anavaa viatu, na alimaanisha. Bibi alikwenda peke yake. Kaka yake alikuwa amenyoa ndevu. Alitazama nyuma ya bega la Bibi kwenye ngazi, akasubiri kidogo, kisha akafunga mlango.

Mara ya tatu alipokwenda peke yake, pale chini ya ngazi hapakuwa na mashine. Sakafuni palibaki alama nne za miguu yake na nyuzi za rangi zilizosukumwa pembeni na ufagio. Bibi alimkuta shangazi yake Twiga anatoka.

"Fundi yuko wapi?"

"Ah, yule. Tulikaa kikao. Twiga katuhadithia jinsi mjukuu wako alivyomwanika, tumecheka siku nzima. Tukasema jamani, hata watoto wameona, sisi tunangoja nini? Hakubisha hata kidogo. Mtu asiye na kosa angebisha, au siyo?"

Bibi alipanda akishika ukuta. Alipofika alimweleza kaka yake, akiwa bado anahema. Babu alisikiliza amesimama. Kisha akaenda kwenye kabati la nguo, akavuta droo ya chini, ile ya soksi.

Balbu zilikuwa zimepangwa ndani kama mayai, kila moja imeviringishwa kwenye leso iliyopigwa pasi.

"Nilikuwa naitoa jioni isije ikaibiwa," alisema. "Halafu nasahau kama nimeitoa. Kukipambazuka nikikuta soketi tupu, dada, namkasirikia mwizi kwelikweli. Nanunua nyingine. Siku ile kabla hamjaja nilitafuta tai, nikavuta droo isiyo yake. Nikaziona."

"Ndiyo ulisimama kusema hilo."

"Nilisimama kusema hilo."

"Kaka. Ungesema tu. Ungesema baadaye, tukiwa sisi wawili."

Babu alitazama mikono yake. "Ilinichukua asubuhi nzima kupata ujasiri wa kusimama. Nilisema nitalitoa kama swali, katikati ya mchezo, watoto watacheka, nami nitacheka, litakuwa limetoka. Mara mbili nimesimama. Kiganja ni kiganja. Mimi ndiye niliyewafundisha." Akakunja leso iliyofunguka. "Baadaye likarudi ndani. Siku nyingine nalikumbuka, siku nyingine silikumbuki."

Bibi aliketi kitandani kando ya droo iliyo wazi, akamshika kaka yake mkono, na kilichomjia mbele ya macho ni tabasamu lake mwenyewe siku ile. Angekuwa amemtazama. Angesema tu, mjukuu wangu, hebu msikilize babu yako. Maneno machache tu, na alikuwa nayo mdomoni, akayaacha ili asiiharibu hotuba.

Jioni hiyo alimweleza Spika, wakiwa wanachambua mchele. Hakupaza sauti, na hakuongeza chumvi. Spika aliendelea kuchambua mpaka sinia likaisha, akaanza tena mwanzo, mchele uleule uliokwisha kuwa safi.

"Sikumwangalia hata usoni," alisema mwishowe.

"Na mimi vilevile."

"Wewe hukumshushia kiganja, Bibi."

"Mimi nilitabasamu, mama. Kila mtu na lake."

Jumamosi Spika alitangulia kupanda. Alimwamkia Babu, akasogeza meza ukutani yeye mwenyewe, akaweka viti viwili, akasimama pale aliposimama siku ile. Akaanza hotuba ileile kutoka neno la kwanza. Babu alimtazama bila kuelewa, kisha kama anayeanza kuelewa. Spika alipofika kwenye ngazi isiyo na mwenyewe, aliacha kusema, akageuza kiganja juu, akakinyosha kwake.

"Karibu, Babu. Nakubali swali lako."

Babu alisimama. Alitafuta ukingo wa meza, akauachia, akaweka mkono kichwani. Midomo ilifunguka. Walisubiri. Chini barabarani mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu linalolia, likapita lote, likaisha.

"Nilikuwa na swali," Babu alisema. "Lilikuwa zuri."

"Nasubiri, Babu. Sina haraka."

Alisubiri kweli. Lakini halikuja. Uso wa mzee ulianza kuingiwa na ile aibu ya mtu aliyeitwa jina mbele za watu akakuta hajui ameitiwa nini, na Spika akamfuata, akamshika mkono uliokuwa kichwani akaushusha polepole.

"Basi nitalisema mimi," alisema. "Ulitaka kuuliza kama nina hakika ni fundi. Jibu ni hapana, Babu. Sikuwa na hakika. Nilipenda tu jinsi lilivyosikika."

Bibi alitafuta sababu ya kwenda kuangalia chai.

Fundi walimpata nyuma ya soko, chini ya bati lililofungwa kwa waya, mashine imeinamia upande mmoja kwa sababu ya udongo. Babu alibeba balbu mwenyewe, kwenye mfuko, na njia nzima aliushika kwa mikono miwili. Fundi alipowaona alisimamisha mguu, akafuta kiti kwa kipande cha kitambaa, akampa Babu. Bibi akapewa ndoo iliyopinduliwa.

Spika ndiye aliyesema. Bibi alikuwa amemsikia akisema mara nyingi maishani, lakini hivi hakuwahi kumsikia: sentensi fupi, zimevunjikavunjika, hana mkono wa kupunga wala mfano. Alisema kilichokuwa kwenye droo. Alisema alichokisema yeye, na mbele ya nani, na kwamba alishangiliwa.

Fundi alikuwa anachezea sindano.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni Mzee. Magharibi moja nilikuwa napandisha mzigo wa mpangaji, nikamwona juu ya kigoda, anaifungua balbu kwa leso kama anamvua mtoto kofia. Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa ataanguka. Nikakishika kile kigoda kwa chini mpaka aliposhuka. Akaniambia ahsante, akaingia ndani. Asubuhi akaniuliza kama nimemwona mwizi."

Babu alikuwa anamtazama kwa makini, kama mwanafunzi wa mbele.

"Na kwenye kikao hukusema?" Bibi akauliza.

"Ningesemaje, mama? Mzee ana digrii zake zimejaa ukuta mzima. Watu wanamwamkia mpaka wanainama. Niseme mbele ya jengo zima kwamba kichwa kimeanza kumcheza? Mimi nikiitwa mwizi, cherehani nahamisha. Yeye angehamia wapi?"

Hapo Spika alilia, bila sauti, uso ameugeuzia kwenye nguo zilizotundikwa. Fundi alijifanya anatafuta mkasi.

Spika alimwambia watakwenda kuongea na wapangaji, atasema yeye mwenyewe kwenye kikao, arudi mahali pake. Fundi alitikisa kichwa. Pale chini ya ngazi pamekwisha kuwekwa mtu wa kukarabati simu, na yeye huku ameanza kupata wateja, ingawa mvua ikinyesha anashona na miguu majini. "Mseme tu," alisema, "jina litakuwa limesafika. Lakini msimtaje Mzee. Semeni balbu zimepatikana, inatosha."

Babu aliweka mfuko juu ya mashine.

"Hizi ni zako," alisema. "Nasikia ulikuwa unahitaji mwanga."

Walitazamana wote watatu, na hakuna aliyejua kama ni mzaha au amesahau. Fundi alichukua balbu moja, akaifunua leso, akaiinua juu kwenye jua akaangalia kama waya wake uko salama.

"Nzima kabisa," alisema. "Umeitunza vizuri, Mzee."

Babu alifurahi. Alikaa akiangalia mashine ikienda, akauliza kuhusu nyuzi, akauliza tena yaleyale, na Fundi akajibu tena kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Bibi aliona na hilo pia, akaliweka pamoja na kile kifungo. Koti alikuwa amelivaa. Kifungo hakikuwa kimelegea hata kidogo, na kila alipokigusa alikumbuka pochi yake, na lile kwapa la pili.

Walipoinuka kuondoka, Spika alimshika Babu mkono wa kushoto, Bibi wa kulia. Fundi aliwasindikiza mpaka mwisho wa mabati, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Mje tena," alisema. Kisha akamwangalia Spika peke yake, akashusha sauti ili mzee asisikie. "Hata siku ambayo hatanikumbuka tena, wewe mlete tu. Mwambie kuna fundi anaomba atembelewe."